Mechi ya nyumbani, Abu Dhabi

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya chai, uwanja wa klabu moja kaskazini mwa Dublin, kijana wangu bado yuko ndani anacheza na wenzake wa chini ya miaka 11. Mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka, hakuna aliyemuuliza kitu, akasema: "Shida ya kriketi nchi hii ni watu. Watu hawaji." Akachukua kipande chake cha keki, akaenda kuketi.

Wiki nzima maneno yale yamenikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Hawaji wapi, mzee wangu? Mtu hawezi kususia karamu ambayo haijapikwa. Mnakumbuka mwaka 2024? Ireland iliwaalika Afrika Kusini, mechi mbili za T20, zile fupi za ova 20, na tatu za ova 50 (ova moja ni mipira sita). Mwenyeji Ireland. Zikachezewa Abu Dhabi. Rudieni kusoma: mwenyeji Ireland, uwanja Abu Dhabi. Mwanangu, ambaye ana ramani ya kaunti zote 32 ukutani, alikuja jikoni kuniuliza Abu Dhabi iko kaunti gani. Nikamwambia ashike barabara ya uwanja wa ndege, akifika baharini asisimame.

Na si kwamba mechi zenyewe zilikuwa za kutupwa. Katika T20 ya pili Ross Adair alipiga mikimbio 100 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi), ndugu yake wa tumbo moja, Mark, akachukua wiketi nne, yaani akawatoa wapigaji wanne, Ireland ikashinda kwa mikimbio 10. Ilikuwa mara ya kwanza kuwafunga Afrika Kusini katika T20. Siku chache baadaye wakawapiga tena, ova 50, tofauti ya mikimbio 69. Ndugu wawili, familia moja, taifa kubwa la kriketi limelala chali. Hadithi kama hiyo ingetokea Malahide, hapa Dublin, au Stormont, kule Belfast, kuna mtoto angekataa kuoga jioni ile kwa kuwa Ross Adair alimshika mkono. Badala yake tuliitazama sebuleni, na mtoto wangu akalala kabla haijaisha.

Kiangazi hicho hicho Australia walikuwa waje. Ikafutwa. Mwaka 2025 Afghanistan walikuwa waje, Testi, ile mechi ndefu ya siku kadhaa, ikiwemo. Ikafutwa. Halafu mtu anashika keki yake ananiambia watu hawaji.

Haya, pesa. Nalisema shingo upande lakini nalisema. Ireland ilipopandishwa daraja mwezi Juni 2017 kuwa mwanachama kamili wa ICC, baraza la kriketi la dunia, ilipanda bila uwanja. Kila mechi kubwa pale Malahide ni ya kukodi: majukwaa ya kukodi, vyoo vya kukodi, uzio, mahema, mitambo ya umeme. Vinasimamishwa, mechi inachezwa, vinang'olewa, na bili inabaki. Ni sawa na kufanya harusi kila wiki kwenye uwanja wa kanisa usio na hata kiti. Na mgao wa pesa za ICC mnaujua: India asilimia 38.5, Ireland takriban 3. Kwa hiyo aliyefanya hesabu akaona Abu Dhabi ni rahisi zaidi hakuwa mwendawazimu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila ilihesabu gharama za kucheza, haikuhesabu gharama za kutoonekana, kwa sababu hizo haziletewi risiti.

Mwaka huo wa 2024 serikali ilisema uwanja wa taifa wa kriketi utajengwa Abbotstown, Dublin, awamu ya kwanza watazamaji elfu nne na kitu, uwe tayari kwa Kombe la Dunia la T20 la 2030 ambalo Ireland itaandaa pamoja na Uingereza na Scotland. Vizuri sana. Sisi tuliotoka Kenya tumeahidiwa viwanja vingi kuliko tulivyokalia, kwa hiyo mnisamehe, nitaamini nikiligusa tofali.

Sababu ya pili ambayo mtapewa hapa, hasa baada ya bia ya pili, ni historia. Kriketi ni mchezo wa Mwingereza, wakoloni, makasri, chai ya saa kumi. Kwetu pia tuliambiwa hivyo. Lakini kabla GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ireland kama hurling, haijaundwa mwaka 1884, kriketi ilichezwa vijijini Kilkenny na Tipperary, huko huko ambako leo mtoto huzaliwa na fimbo ya hurling mkononi. Parnell mwenyewe, aliyewatoa jasho Waingereza bungeni kwao, alikuwa mchezaji wa kriketi Wicklow. Kweli, GAA ilikuja kuwapiga marufuku wanachama wake wasicheze wala kutazama michezo ya kigeni, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1971. Hilo liliumiza. Lakini raga ilikuwa kwenye orodha hiyo hiyo! Soka pia! Leo raga ikichezwa pale Lansdowne Road watu zaidi ya elfu hamsini wanaimba hadi sauti zinakauka, na hakuna anayeuliza raga ilizaliwa wapi. Mwacheni Mwingereza apumzike kidogo.

Na watu wapo. Tarehe 3 Septemba 2013 watu elfu kumi walijaza Malahide kuona Ireland ikicheza na Uingereza. Ikawa siku ya ajabu: William Porterfield, nahodha wa Ireland, akapiga 112, kisha Eoin Morgan, kijana wa Rush, vituo vichache tu vya treni kutoka hapo, akapiga 124 bila kutolewa na kuimaliza mechi. Kwa niaba ya Uingereza. Boyd Rankin naye, aliyewahi kuichezea Ireland, alikuwa upande huo huo akirusha mipira. Kama unataka kujua mapenzi ya Waayalandi kwa kriketi, fikiria watu elfu kumi wanaolipa kuona mtoto wao akiwachapa, na bado wanampigia makofi.

India wamekuja Malahide mara tatu, 2018, 2022 na 2023, na tiketi zilikuwa za kugombania. Hapa ndipo ninapoudhika kabisa, kwa sababu kuna mnong'ono ambao nimeusikia zaidi ya mara moja: "Ah, wale si watu wetu, wale wamekuja kuona India." Wametoka wapi, jamani? Mumbai, na mkate wa safari kwenye kikapu? Wametoka Blanchardstown. Wametoka Lucan, hapa hapa Dublin. Jirani yangu, dada mmoja kutoka Kerala, ni muuguzi wa zamu za usiku, ana mabinti wawili ambao wote wanacheza kriketi. Agosti 2023 walikwenda Malahide wanne, wamevaa bluu ya India kama bahari. Kiangazi kilichofuata nikamuuliza kama aliona Testi ya Zimbabwe pale Stormont. Akaniangalia. "Kulikuwa na mechi?"

Kulikuwa na mechi, dada. Tena mechi gani! Julai 2024, Ireland inahitaji mikimbio 158 tu, wiketi tano zinaanguka kwa mikimbio 21. Ishirini na moja! Lorcan Tucker na Andy McBrine wakaiokota mechi kutoka matopeni, Ireland ikashinda kwa wiketi nne. Ushindi wa kwanza wa Testi kwenye ardhi ya nyumbani, na mama anayelipa ada za kriketi za watoto wawili hana habari. Huyo mama amevaa bluu kwa sababu bluu ndiyo waliyomletea. Mleteeni kijani cha Ireland mara kwa mara muone kama mabinti zake hawatakivaa. Wao wamezaliwa hapa. Hata Kiingereza chao ni cha Dublin, siku nyingine simwelewi yule mdogo.

Hebu niwarudishe nyumbani kidogo, maana nina sababu ya kuwa na hasira hii.

Tarehe 24 Februari 2003, siku ya Jumatatu, nilikuwa kidato cha pili Nairobi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na redio ndogo aliyoificha kwenye droo, akidhani hatuisikii. Kenya ilikuwa inacheza na Sri Lanka pale Gymkhana, Kombe la Dunia. Collins Obuya akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, tukashinda kwa 53, na mwalimu akaitupa chaki juu. Mwezi uliofuata tulikuwa nusu fainali. Mtaani kwetu kila ubao uliosimama ukawa gongo la kriketi, mpira wa tenisi ukafungwa utepe wa umeme, mabomba ya maji yakawa wiketi. Watoto ambao hawakuwahi kuona kriketi walikuwa wanabishana kuhusu nahodha wetu, Tikolo.

Kisha mechi zikaanza kupungua. Wakubwa wakagombana, wachezaji wakagoma, timu kubwa zikaacha kuja. Sikumbuki siku ambayo sisi mashabiki tuliamua kuacha, kwa sababu hatukuamua. Ubao ulirudi kuwa ubao. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50, na sijui kama mtaani kuna aliyejua siku hiyo.

Na tusisahau, Februari 2007 pale Nairobi Kenya iliifunga Ireland kwa wiketi moja, siku ambayo Kevin O'Brien alipiga 142 na bado hazikutosha. Wiki sita baadaye Ireland hao hao wakaifunga Pakistan mjini Kingston, siku ya Mtakatifu Patrick. Walitupita kwenye kona tukiwa tunafunga kamba za viatu. Ninapoona ratiba ya hapa inaanza kuchanika kama ile ya kwetu, mnataka nikae kimya ninywe chai?

Ninachokitaka ni kitu kidogo mno. Tarehe.

Muulize mtu yeyote nchi hii fainali ya All-Ireland, kombe kubwa la GAA, ni lini. Atakujibu Julai kabla hujamaliza swali, na atakwambia pia atalala kwa shangazi yupi akipata tiketi ya Croke Park. Hahitaji tangazo. Sasa muulize Ireland wanacheza kriketi lini. Hata mimi sijui, na mimi hulipia. Nilisikia kwamba Curtis Campher amechukua wiketi tano kwa mipira mitano mfululizo, Julai 2025, mechi ya majimbo pale Cork, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya katika kriketi ya kulipwa, kupitia WhatsApp, nikiwa kazini, baada ya saa nne. Sikujua hata kwamba kuna mechi Cork.

Kwa hiyo chagueni Jumamosi moja ya Juni. Moja tu. Malahide, kila mwaka, Jumamosi ile ile, mvua au jua. Kama India wanaweza kuja, waje. Kama hawawezi, leteni Scotland. Leteni Uholanzi. Hawa si ghali kuwaalika na ni wapinzani wa kweli, wamewahi kutuumiza. Asubuhi wacheze wanawake, jioni wanaume, tiketi moja. Wanawake wa Ireland waliwafunga Uingereza Stormont mwezi Septemba 2024, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hiyo ni mechi ya kupasha uwanja moto. Isiahirishwe, isihamishwe, isiuzwe Ghuba. Mwaka wa kwanza watakuja watu elfu mbili, na waandishi watacheka. Mwaka wa tano mtu atapanga ubatizo wa mtoto wake akaambiwa, hapana, hiyo ni Jumamosi ya kriketi.

Mengine ni madogo. Mechi hiyo ioneshwe kwenye chaneli isiyolipiwa. Watoto wa klabu waingie bure. Anayetangaza uwanjani aeleze sheria bila kutuona wajinga.

Mvua? Mvua nakubali. Siku ya kwanza ya Testi ya kwanza kabisa, 11 Mei 2018, haukurushwa hata mpira mmoja pale Malahide. Kesho yake watu wakarudi. Siku ya nne Kevin O'Brien akawapa mia ya kwanza ya Ireland katika Testi. Kisha Testi ya pili ya nyumbani ikachukua miaka 6 kufika, ikafikia Belfast. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile alikuwa na 14, na ameshapata mambo mengine ya kufanya.

Chai yangu ilipokuwa tayari nilikwenda kuketi karibu na yule mzee, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kijana wangu ni yupi. Nikamwonesha. Akasema ana mkono mzuri ila kichwa kinainuka mapema, na hilo ni kweli. Tukaongea. Kumbe mwaka 1969, akiwa na miaka tisa, babake alimpeleka kijiji cha Sion Mills, siku ambayo Ireland iliwatoa West Indies kwa mikimbio 25. Timu nzima, ishirini na tano. Hajaacha kuja viwanjani tangu hapo, na sasa ndiye anayefungua mageti ya klabu kila Jumamosi.

Nikamuuliza babake alijuaje kwamba West Indies wanakuja kijijini.

"Ilibandikwa kwenye dirisha la duka la mikate," akasema. "Mwezi mzima kabla."