Buffalo walikuwa na masenta wawili, kombe likaenda kwingine

Kuanzia 2015 hadi 2018, Buffalo Sabres, moja ya timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, walikuwa na masenta wawili wa kumezewa mate, yaani washambuliaji wa katikati. Wa kwanza alikuwa Jack Eichel, kijana aliyechaguliwa wa pili kwenye mgao wa chipukizi wa 2015. Wa pili alikuwa Ryan O'Reilly, mtu wa kazi, hodari wa kukaba na kutoa pasi. Kwa misimu mitatu waliyokaa pamoja, Buffalo hawakuionja hatua ya mtoano hata mara moja, na msimu wa 2017-18 walimaliza mkiani kabisa mwa ligi. O'Reilly akapelekwa St. Louis Julai 2018. Juni 2019 akabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Eichel akaenda Vegas Novemba 2021. Juni 2023 naye akabeba, tena akiwa na pointi (mabao na pasi za mabao) nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika mtoano ule.

Kisa hiki kila upande unaweza kujitetea nacho. Anayeamini kwamba masenta ndio wanaobeba kombe atasema: si mmeona, walikokwenda kombe liliwafuata. Asiyeamini atajibu: mbona walipokuwa pamoja timu yao ilikuwa ya mwisho? Kwangu mimi huyu wa pili ana hoja nzito zaidi, ila haimfikishi mbali kama anavyodhani.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, barafuni kila timu ina watu sita: kipa, mabeki wawili, mawinga wawili na senta. Winga ana upande wake, senta hana. Refa anapodondosha kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, ili mchezo uanze, senta ndiye anayeinama kukigombea. Timu ikishambuliwa, anarudi hadi karibu na lango lake na kuwa beki wa tatu, huku mawinga wakibaki juu kuwachunga mabeki wa wapinzani. Kisahani kikishapatikana, mara nyingi ni yeye anayekipokea katikati na kukivusha kwenda mbele. Ni kazi ya kiungo mkabaji na kiungo mchezeshaji wa soka aliyobebeshwa mtu mmoja, kwa zamu zisizofika dakika moja kila zikija. (Hata Nairobi jambo hili wanalijua. Mwaka 2018 vijana wa Kenya Ice Lions, waliojifunzia mchezo kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha Hoteli ya Panari, walipelekwa Kanada, na huko wakaletewa wenzao wawili wa kuvaa nao jezi: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wote wawili masenta.)

Hoja ya wanaowatukuza masenta inapata nguvu kwenye mtoano kuliko kwenye msimu wa kawaida, na sababu yake inaeleweka. Katika mtoano unakutana na timu ileile hadi mara saba. Kocha ana usiku kucha wa kutazama mikanda na kuamua nani amkabe nani, na mwenyeji ndiye mwenye haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji mchezo unaposimama. Ukiwa na senta mmoja tu wa maana, atawekewa mtu wa kumfuata kama kivuli, na shambulio lako litakauka. Ukiwa nao wawili, mpinzani lazima achague ni yupi wa kumwachia nafasi. Pittsburgh walijengwa hivyo. Mwaka 2009 Evgeni Malkin alimaliza mtoano na pointi 36 na Crosby 31. Ukimbana huyu, yule anakumaliza. Kombe hilo likaja, na mengine mawili yakafuata 2016 na 2017.

Ukiwapitia mabingwa wengine wa miaka hiyo, orodha inajiandika yenyewe. Chicago walikuwa na Jonathan Toews. Los Angeles walikuwa na Anze Kopitar, na nyuma yake Mike Richards na Jeff Carter. Boston ya 2011 ilikuwa na Patrice Bergeron na David Krejci, Tampa Bay na Brayden Point, Colorado na MacKinnon na Nazem Kadri, Florida na Aleksander Barkov na Sam Bennett. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano nayo inaelekea hukohuko: kati ya tuzo 17 zilizotolewa kuanzia 2009 hadi 2025, saba zilichukuliwa na masenta, nne na mawinga, tatu na mabeki, tatu na makipa. Senta ni mmoja kati ya sita barafuni, lakini anaondoka na zaidi ya theluthi ya tuzo. Ni kweli wapiga kura wanawapenda wafungaji, na mabeki wa kazi za kimyakimya husahaulika. Hata ukipunguza kwa ajili ya hilo, tofauti bado ni kubwa.

Tatizo la orodha hiyo ni kwamba imeandikwa na washindi watupu. Tuandike na ya walioshindwa.

Vancouver ya 2011 ilikuwa na Henrik Sedin, mchezaji bora wa ligi wa 2010, na senta wa pili Ryan Kesler, aliyetwaa mwaka huo wa 2011 tuzo ya mshambuliaji bora kwa ukabaji. Kwenye karatasi huwezi kutamani zaidi. Walifika fainali, wakacheza mechi saba dhidi ya Boston, na katika mechi zote saba wakafunga mabao manane tu. Boston walifunga 23. Kipa wa Boston, Tim Thomas, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, na hakuna aliyebisha. San Jose walikaa miaka na miaka na Joe Thornton, mmoja wa watoa pasi wakubwa katika historia ya mchezo huu, na kombe hawakuligusa. Toronto walimwongeza John Tavares juu ya Auston Matthews mwaka 2018, kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 77, na katika misimu hiyo saba yote wakashinda raundi mbili tu za mtoano: moja 2023, nyingine 2025.

Upande wa pili, Chicago walibeba kombe mwaka 2013 na senta wa pili Michal Handzus, mzee wa miaka 36 aliyepatikana kwa bei ya chee miezi miwili kabla ya fainali. Colorado ya 2001 ilimpoteza Peter Forsberg, mmoja wa masenta bora duniani wakati ule, baada ya raundi ya pili, alipofanyiwa upasuaji wa bandama. Joe Sakic akabaki, kipa Patrick Roy akafunga mlango, na kombe likaja bila Forsberg.

Na hao Pittsburgh wa 2009, timu inayotajwa kila mara mtu anapotaka mfano wa masenta wawili, walilipataje kombe lao? Mechi ya saba ilichezwa Detroit. Kipindi cha pili Crosby akaumia goti, na kipindi cha tatu akaingia kwa zamu moja tu kisha akarudi benchi. Mabao yote mawili ya Pittsburgh yalifungwa na Maxime Talbot, mchezaji wa safu za chini. Matokeo yakawa 2-1. Katika sekunde za mwisho kabisa kisahani kilimkuta Nicklas Lidström wa Detroit, beki bora wa zama zake, akiwa hana mtu mbele yake, na kipa Marc-Andre Fleury akajirusha upande hadi upande kukizuia kwa mwili. Crosby na Malkin ndio waliowafikisha kwenye ile mechi ya saba, hilo halina ubishi, na bao la kwanza la Talbot lilitokana na kazi ya Malkin. Lakini usiku wenyewe ulikuwa wa Talbot na Fleury.

Kuna pia suala la dakika. Senta mkubwa katika mtoano hucheza dakika 20 hivi, kati ya 60. Duncan Keith, beki wa Chicago, mwaka 2015 alikuwa na wastani wa zaidi ya dakika 31 kwa mechi, na tuzo ikawa yake. Kipa anacheza zote 60. Ile sifa nyingine ya senta, kushinda kisahani cha refa, imekuzwa mno. Chukua senta anayegombea visahani 20 katika mechi. Akiwa wa kawaida kabisa atashinda kumi. Akiwa mzuri, wa asilimia 55, atashinda kumi na kimoja. Kisahani kimoja zaidi! Dakika ya mwisho, mpinzani akiwa amemtoa kipa wake ili aongeze mshambuliaji, hicho kimoja kinaweza kuwa cha thamani kweli. Dakika nyingine zote kinapotea katika vurugu za mchezo.

Ninapoachana na wapinzani wa masenta ni hapa: wanapima nguvu ya senta kwa mabao na pointi, na wakiona mfungaji mkubwa ametolewa mapema wanasema nafasi yenyewe haina uzito. Angalia Toronto na Montreal mwaka 2021. Matthews alikuwa ametoka kuongoza ligi kwa mabao, 41 katika mechi 52. Montreal wakamwekea Phillip Danault, senta ambaye mtoano mzima alifunga bao moja tu. Kila Matthews alipoingia barafuni, Danault naye alikuwepo, upande wa ndani, kati yake na lango, fimbo yake ikiwa kwenye njia ya pasi. Matthews alipata bao moja katika mechi saba. Toronto waliongoza mechi 3-1 wakapoteza, na Montreal wakaenda hadi fainali. Toronto wana la kujitetea, maana Tavares alibebwa kwa machela katika mechi ya kwanza, na kipa Carey Price alikuwa moto. Hata hivyo aliyeuzima msimu wa senta mkubwa alikuwa senta mwingine, wa mshahara mdogo zaidi na sifa chache zaidi. Kwenye orodha ya pointi Danault haonekani.

Ukiwatazama mabingwa kwa jicho hilo, majina yanajipanga upya. Bergeron alishinda tuzo ya ukabaji mara sita. Toews, Kopitar, O'Reilly na Barkov wote wamewahi kuitwaa. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo: senta anayebeba kombe ni yule anayeweza kumzima mwenzake na bado akabaki na pumzi ya kutengeneza mabao. Mfungaji mtupu ni mzuri Novemba. Mwezi Mei, kwenye mtoano, anawekewa Danault.

Kuhusu kipa, nakubali: katika raundi moja, hakuna mtu mwenye uwezo wa kuamua kama yeye. Los Angeles waliingia mtoano wa 2012 wakiwa timu ya nane na ya mwisho kufuzu katika kanda yao, wakashinda mechi 16 na kupoteza nne, na kipa wao Jonathan Quick ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Kasoro ya makipa ni kwamba hawatabiriki. Andrei Vasilevskiy alitajwa kipa bora wa ligi msimu wa 2018-19, Tampa wakashinda mechi 62, halafu raundi ya kwanza wakachapwa na Columbus mechi nne bila. Vegas walibeba kombe 2023 na Adin Hill, aliyeingia langoni kwa sababu mwenzake aliumia. Jordan Binnington, kipa aliyebeba kombe na St. Louis, alianza msimu wa 2018-19 kwenye ligi ya daraja la chini. Meneja wa timu hawezi kukaa Julai akapanga bajeti ya jambo la namna hiyo. Barkov au Kopitar anaweza kumpanga kwa miaka kumi.

Edmonton ndio kipimo kigumu zaidi cha haya yote, kwa sababu wana Connor McDavid na Leon Draisaitl, masenta wawili ambao kwa kipaji hawajapata wenzao kizazi hiki. Mwaka 2024 McDavid alimaliza mtoano na pointi 42, akapewa tuzo ya mchezaji bora akiwa upande ulioshindwa. Katika fainali alipata pointi nne mechi ya nne na nne tena mechi ya tano. Mechi ya sita na ya saba, huku Barkov akimvizia, hakupata hata moja. Florida wakashinda ya saba 2-1. Bao la ushindi lilifungwa na Sam Reinhart, ambaye naye alitoka Buffalo. Mwaka uliofuata timu hizo zikarudiana fainalini. Kipa wa Edmonton, Stuart Skinner, alitolewa katikati ya mechi ya tatu na ya nne, ya tano akakaa benchi, na ya sita akarudishwa wakafungwa 5-1. Upande wa pili langoni alikuwa Sergei Bobrovsky, wa dola milioni kumi kwa mwaka, gharama ambayo miaka michache kabla ilikuwa ikichekwa waziwazi.

Desemba 2025 Edmonton walitoa jibu lao. Masenta hawakuguswa. Skinner alipelekwa Pittsburgh, na akachukuliwa Tristan Jarry, kipa ambaye Januari ya mwaka huohuo Pittsburgh walikuwa wamemtangaza bure kwa timu yoyote inayomtaka, na hakuna hata moja iliyonyoosha mkono. Tatizo wamelitambua. Ila dawa wameitafuta dukani kwa watu walewale ambao bidhaa hiyo iliwashinda kuuza.