Hapana ya kufuatwa kwa nauli

Sisi wa ughaibuni tuna mjadala mmoja hatuuchoki: wapi kuna huduma mbovu zaidi, huku au nyumbani. Wakikutana Watanzania watano sebuleni kwa mtu siku ya Jumapili, maduka ya Ujerumani yote yamefungwa na pilau haijaiva, subiri kidogo tu. Mmoja ataanza: "Mimi nilipoenda likizo Mwanza, kuna ofisi moja pale mjini..." Wengine wote tunaujua mwendelezo. Mfumo uko chini. Mhusika katoka kidogo. Njoo kesho. Tunacheka na kutikisa vichwa, kana kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na simu sikioni dakika 40 akisikiliza muziki wa kampuni ya intaneti.

Mimi nimezaliwa na kukulia Igogo, Mwanza, kwenye zile nyumba zilizopanda juu ya mawe kama mbuzi. Ujerumani nimekuja mwaka 2018. Nasema hivyo ili mjue sisimulii habari za kusikia, za pande zote mbili.

Nianze na huku, maana ndiko tunakodanganya zaidi. Sheria ya Ujerumani inakutaka ukihamia nyumba mpya ujiandikishe ofisi ya jiji ndani ya wiki 2. Sawa. Unaingia mtandaoni kutafuta Termin, yaani miadi, maana bila Termin huku hupokelewi. Mimi niliyoikuta wazi ya kwanza ilikuwa baada ya wiki 6. Kwa hiyo sheria nimeivunja nikiwa nimekaa kwangu kwa adabu, nikisubiri ruhusa ya kuitii. Na siku ya siku unatakiwa uende na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli unaishi kwake. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Nimeikimbia barua ya mwenyekiti wa mtaa kilomita maelfu, imenitangulia!

Halafu kuna ukumbi wa mazoezi niliojiunga nao mwaka 2019. Kuingia ilikuwa kubofya mara tatu. Kutoka, wakataka barua ya karatasi, yenye saini, ipitie posta, na iwafikie miezi 3 kabla ya mkataba kuisha. Yangu ilichelewa siku nne. Wakanijibu kwa barua ya heshima kabisa, "Mheshimiwa Bwana" fulani, kwamba mkataba umejihuisha wenyewe kwa miezi 12 mingine. Mwaka mzima nimelipia vyuma ambavyo nilikuwa nimeshaviaga. Mambo hayo yalikuwa mengi kiasi kwamba ikabidi bunge liingilie: tangu Machi 2022 mkataba mpya wa aina hiyo ukijihuisha wenyewe, unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, na tangu Julai 2022 kampuni inayokuruhusu kujiunga mtandaoni lazima iweke na kitufe cha kujitoa hukohuko mtandaoni. Kitufe kimetungiwa sheria! Mtu akikuambia Ulaya wana ustaarabu wa asili, muulize kwa nini kitufe kilihitaji sheria.

Ila kuna jambo moja nililigundua Desemba iliyopita nilipokuwa nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike. Ile barua ya kunikatalia ilikuja yenyewe. Postamani aliitumbukiza kwenye sanduku, nikaisoma nimevaa kandambili, chai mkononi. Nililaani, nikapiga teke kabati, lakini sikulipa nauli kuifuata.

Sasa sikilizeni habari ya mama mdogo.

Mama mdogo anaishi Nansio, Ukerewe. Zamani alikuwa akiuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa hiyo akaunti yake aliifungulia tawi moja la benki mjini Mwanza. Kadi yake ikaisha muda. Akaambiwa kadi mpya itachukuliwa palepale alipofungulia akaunti, si penginepo. Sheria ni sheria. Akapanda meli, safari ya kama saa tatu majini, akafika, akapanga foleni. Kadi haijaja, mama, jaribu wiki ijayo. Akarudi Nansio. Wiki iliyofuata akaja tena. Kadi imefika, mama, lakini imo kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati yuko mafunzoni. Akalala gesti moja karibu na bandari, asubuhi akarudi dirishani, mwenye ufunguo bado yuko mafunzoni.

Mara ya tatu nilikuwa likizo, nikamsindikiza. Kijiti kimepokelewa na mtu wa Ulaya, nikajiambia, leo kitaeleweka. Tulifika hawajafungua. Mlangoni askari akampa shikamoo, "Habari za utokako, mama?" Ndani, binti wa mapokezi naye, "Shikamoo mama, habari za utokako?" Mama mdogo akajibu nzuri, nzuri, kama inavyotakiwa. Ukutani televisheni kubwa ikituonyesha familia inayocheka kwa sababu imechukua mkopo. Mashine ya kutoa namba za foleni ilikuwa imefunikwa na kitambaa cha kufumwa, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Tukakaa benchi, tukawa tunasogea kalio kwa kalio, kila mmoja akiulinzia macho mgongo wa aliyemtangulia. Watu wawili walipita moja kwa moja kwenda kwa meneja wakiwa na bahasha, na sisi sote tukajifanya tunaangalia televisheni.

Saa tano na nusu tukafika dirishani. Kijana nadhifu, tai imekaa sawasawa, sauti ya upole. Kadi ipo. Ufunguo upo. Mwenye ufunguo yupo. Tatizo mama, mfumo wa kuweka namba ya siri uko chini tangu juzi. Pole sana, mama.

Tangu juzi!

Nilisimama. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nusu Kiswahili nusu Kijerumani. Mama mdogo akanishika mkono, akaniketisha kama mtoto. "Mwanangu, huyu kijana ana kosa gani? Naye kaambiwa." Kisha akamgeukia yule kijana, akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Wakaulizana kwao ni wapi. Ikaonekana bibi yake kijana anatoka jirani na Nansio. Wakacheka. Tukatoka bila kadi.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Ukweli ni kwamba pale ndani hakuna aliyetukosea adabu. Huku nilipo, mwaka wote ule wa vyuma hakuna aliyeniambia pole hata mara moja, na nakiri niliikosa. Lakini pole ya siku ile iligharimu. Safari tatu, gesti, chakula cha njiani na siku ambazo duka lake dogo la Nansio lilifungwa, tulijumlisha tukafika zaidi ya laki moja na nusu, kwa kadi ambayo bei yake haifiki elfu ishirini. Na watu wawili walimuuliza habari za utokako, wala hakuna aliyesubiri jibu. Kama angejibu kweli, angesema: nimetoka Ukerewe alfajiri, na nyinyi mlijua tangu juzi.

Msiniambie ni umaskini wala teknolojia haijafika. Benki hiyohiyo, ikimkata makato, ujumbe unaingia kwenye simu yake kabla hajafumba jicho. Krismasi ile ilimtumia salamu za heri na baraka, jina lake la kwanza limeandikwa vizuri. Mwenye uwezo wa kukutakia Krismasi njema ana uwezo wa kukuandikia "leo usije".

Wanaoweza wapo, na hawana hata ofisi. Pale Mabatini kuna dada wakala wa pesa za simu, mali yake ni mwavuli, kiti na daftari. Siku moja nataka kutoa pesa, nimesimama ng'ambo ya barabara nasubiri daladala zipite. Kabla sijakanyaga lami akapaza sauti: "Kaka, usivuke! Keshi imeisha! Nenda kwa yule wa mwavuli mwekundu!" Hakunipa huduma, na sijawahi kuhudumiwa vizuri vile. Anaishi kwa kamisheni, na anajua nikivuka bure leo, kesho nitaanzia kwa mwavuli mwekundu. Mama mdogo hana mwavuli mwekundu. Kadi yake iko kwenye kabati moja tu duniani.

Na hata mambo makubwa yanawezekana. Ninamnunulia mama yangu umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, nikiwa huku, namtumia zile tarakimu 20, yeye anavaa miwani na kuzibonyeza. Mwaka 2024 zikaja tarakimu 60 kwa mkupuo, mafungu matatu. Mama akanipigia, "Mwanangu, umeninunulia mtaa mzima?" Kumbe wahandisi waliobuni mita za namna hiyo, zinazotumika nchi nyingi duniani, waliziwekea hesabu ya dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyoingiziwa mafungu mawili ya kwanza ingekataa umeme mpya kuanzia siku hiyo. Ubunifu wa ajabu, kumbebesha mama wa Igogo mzigo wa kalenda iliyopangwa miaka 31 nyuma. Alikosea mara mbili, akaanza upya, akanituma nimwombee. Lakini alifanya yote hayo amesimama ukutani kwake. Kero ilimfuata nyumbani, haikumwita mjini.

Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, takriban kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700. Watu wa Sengerema na Geita ambao walikuwa wakisinzia kwenye foleni ya kivuko sasa wanapita kwa dakika chache. Nimelipita na nimejivuna, nimepiga na picha. Hela zote zile ni kumwokolea mtu saa kadhaa za safari. Akishaziokoa, anafika mjini, anazikabidhi dirishani kwa mtu mwenye tai nadhifu.

Kuna rafiki yangu wa huku, mtu wa Bukoba, nilimsimulia haya akaniambia natafuta Ulaya ndani ya Mwanza. Hapana. Ulaya yao na wakae nayo, na Termin zao za wiki 6. Sitaki hata yule kijana apunguze upole wake. Nataka asubuhi ile mfumo ulipogoma, mtu mmoja mwenye mamlaka aone aibu ya kuacha mlango wazi huku anajua ndani hakuna kitu, kama ambavyo dada wa Mabatini aliona aibu ya kuniacha nivuke.

Kadi aliipata Januari, mimi nimesharudi. Safari hiyo hakubahatisha. Alipokuwa Mwanza alichukua namba ya kijana mmoja wa bodaboda anayepaki karibu na bandari. Siku hizi akiwa na shida yoyote mjini, benki, hospitali, ofisi ya serikali, jioni ya kabla ya safari anampigia. Kijana anakwenda, anachungulia dirishani, anauliza mfumo upo, mhusika yupo, ufunguo upo, anarudisha jibu. Anamlipa elfu mbili kwa kuchungulia.

Wiki iliyopita alimpigia. Kijana akaenda, akamrudia: "Mama, tulia tu huko Nansio." Akafungua duka lake kama kawaida.