Madawati Kule, Majedwali Huku

Nyumbani ukiuliza kampuni fulani inaijali vipi jamii, utaonyeshwa picha: meneja kashika hundi kubwa kama mlango, nyuma yake madawati mapya na wanafunzi wamepangwa juani. Huku Ulaya ninakoishi unapewa ripoti nene, nusu yake majedwali. Wenzangu wengi wa ughaibuni wanaona ripoti ndiyo ustaarabu. Mimi bado.

Ubovu wa hundi unajulikana: inahesabu kilichotolewa, haihesabu kilichoharibiwa. India imeuweka mtindo huo kwenye sheria ya makampuni ya mwaka 2013, kwamba kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 kwa shughuli za kijamii. Pesa zinapatikana, sikatai. Lakini asilimia ni ileile kwa mwenye kiwanda cha saruji na kwa mtengeneza programu za kompyuta.

Ripoti nazo zina ujanja wake. Hesabu ya hewa ukaa ina mafungu 3: moshi wa mitambo ya kampuni yenyewe, umeme inaonunua, na mengine yote, kuanzia kwa wauza malighafi hadi kwa mteja. Benki ikipimwa kwa mafungu mawili ya mwanzo inatoka safi kabisa, maana ina nini zaidi ya taa, viyoyozi na magari ya wakubwa? Mkopo iliompa mchimba makaa ya mawe umo fungu la tatu, kwenye makadirio. Nguo ni hivyohivyo. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, cherehani zilikuwa za wenye viwanda wa palepale; lebo zilikuwa za kampuni za Ulaya na Marekani.

Afadhali viwango vya SASB, mwongozo wa kampuni kuripoti mambo ya mazingira na jamii, vilivyogawa biashara katika sekta 77, kila moja na maswali yake. Mgodi unaulizwa habari za maji na mabwawa ya topesumu, kampuni ya mitandao inaulizwa inafanyia nini taarifa za watu. Ila vimeandikwa kumsaidia mwekezaji ajue hatari iliyo kwenye pesa zake (ndiye mwenye kusikilizwa, siku zote). Anayeteka maji chini ya mgodi hayumo. Hapo nyumbani tungeweza kuwazidi hawa wa huku: leseni isihuishwe mpaka kijiji kiwe na vipimo vya maji mkononi, vilivyochukuliwa na mtu asiyelipwa na mgodi.