Hodi kwanza, au uingie tu?

Programu ikiikabidhi kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, anwani ya kumbukumbu, kerneli haina sababu ya kuiamini. Zamani ilipiga hodi: funksheni yake ya verify_area ilikagua anwani, ndipo data isomwe. Kuanzia matoleo ya 2.1 hodi hiyo ikaachwa. Soma tu, prosesa ikigoma, tutajua.

Wengi huuona huu kuwa uzembe, na nawaelewa, maana sote tulifundishwa kukagua kabla ya kugusa. Lakini tazama kinachotokea. Amri moja ya mov, yaani ya kuhamisha data, inagusa anwani mbovu. Prosesa ya x86 inaitisha hitilafu namba 14, inaiweka anwani iliyokataliwa kwenye CR2 (rejista, yaani kijisanduku cha data ndani ya prosesa) na ya amri yenyewe kwenye staki. Kama ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu chenye anwani hiyo, ulikuwa umehamishiwa diski tu, unarudishwa na amri inarudiwa. Kama anwani si halali, kerneli inaitafuta amri hiyo kwenye jedwali la __ex_table, ambalo kila mstari wake una amri inayoweza kugoma, na pa kuendelea ikigoma. Huko kipande kifupi cha asembli kinaandika -14, yaani -EFAULT, msimbo wa anwani mbovu, kwenye rejista ya EAX, kisha kazi inaendelea. Anwani nzuri, ambazo ndizo karibu zote, hazilipii chochote.

Na hodi yenyewe ilikuwa na tundu. Baada ya kukagua na kabla ya kusoma, thredi nyingine ya programu ileile, inayokwenda sambamba nayo, yaweza kuita munmap na kuiondoa kumbukumbu hiyo. Umekaribishwa, unavua viatu, nyumba imeshavunjwa. Hitilafu ya prosesa haidanganyiki hivyo, kwa kuwa ukaguzi na usomaji ni tendo moja.

Wapinzani wana hoja. Ukisahau kuiandikisha mov yako jedwalini, anwani mbovu ya kwanza inakuletea oops, yaani ripoti ya kosa la kerneli yenyewe. Tena prosesa haigomi kerneli ikigusa kumbukumbu yake yenyewe, hata kama anwani imetoka kwa programu, ndiyo maana access_ok, ukaguzi kwamba anwani iko upande wa programu, ipo hadi leo. Mwaka 2017, kwenye toleo la 4.13, ukaguzi huo ulisahauliwa ndani ya waitid, mojawapo ya huduma ambazo programu huiomba kerneli, na programu ya kawaida ikaweza kuifanya kerneli ijiandikie yenyewe (udhaifu wa usalama uliosajiliwa kama CVE-2017-5123). Ila access_ok hulinganisha anwani na mpaka tu, na mpaka huo hausogezwi na munmap.

Hoja yao nzito ni prosesa ya zamani ya 386. Ikiwa katika hali ya kerneli, iliandika kwenye kurasa za kusomwa tu bila kulalamika, kwa hiyo huko hodi ilibaki lazima. Biti ya WP, inayoifanya prosesa igome hata hapo, ilikuja na 486, mwaka 1989.