DPP Akifuta Kesi, Atueleze Sababu

Kila kesi kubwa yenye harufu ya siasa inapofutwa, mambo huwa yaleyale. Watu wanakumbatiana nje ya mahakama, picha zinasambaa, na ndani ya saa moja kuna mtu ameshaandika kuwa haki imetendeka. Ndugu za aliyekuwa mahabusu wana kila sababu ya kulia kwa furaha, na siwanyimi. Ninaowakasirikia ni sisi wengine, hasa tuliosoma sheria, tunaoshangilia bila kuuliza kesi imefutwa kwa nini. Swali hilo Mkurugenzi wa Mashtaka wa Tanzania, yaani DPP, halazimiki kulijibu, na tumekubali kuishi hivyo.

Asiyewahi kuona kesi ikifutwa ajue inavyokwenda. Wakili wa serikali anasimama na kuieleza mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na mashtaka dhidi ya washtakiwa. Anataja kifungu cha 91(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, namba tuliyoizoea kabla ya toleo jipya la sheria kuzipanga upya. Anaweza kulisema kwa mdomo au kuleta hati, ile tunayoiita nolle. Hakimu au jaji anaandika kwenye jalada na kumwachia mshtakiwa. Haombwi ruhusa. Hapewi sababu, na hata akizitaka hana kifungu cha kumshikia mwendesha mashtaka. Shauri lililokaa mahakamani miaka minne linaisha kabla chai haijapoa. Tena mshtakiwa anatoka akiwa ameachiwa tu, hajatamkwa kuwa hana hatia, kwa hiyo mambo yaleyale yanaweza kumrudia kesho. Marekebisho ya miaka ya karibuni yamejaribu kuzuia ule mtindo wa kumfutia mtu na kumkamata tena mlangoni, lakini anayepima kama ushahidi sasa unatosha ni ofisi ileile iliyomfutia.

Tazama kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, na wenzake watatu. Jamhuri ilileta mashahidi 13 katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Tarehe 18 Februari 2022 Jaji Joachim Tiganga akaamua kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, siku ambayo utetezi ulikuwa uanze, upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Siku hiyohiyo Mbowe alikuwa Ikulu na Rais Samia Suluhu Hassan.

Sasa mwananchi afikirie nini? Kama ushahidi wa ugaidi ulikuwepo, nani aliamua kwamba taifa liuache? Kama haukuwepo, watu wanne walikaa gerezani miezi yote ile kwa idhini ya nani? Jibu lolote kati ya hayo mawili ni zito, na ofisi yenye jibu haikutakiwa kuandika hata mstari mmoja. Jambo la ajabu ni kwamba sheria yetu yenyewe ina njia yenye staha zaidi. Katika mahakama za chini, mwendesha mashtaka akijitoa kwa kifungu cha 98 baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa huru na shauri limekwisha. Lakini nani atapita mlango huo wakati ule wa 91 uko wazi na haumdai kitu?

Najua nitajibiwa kwa Katiba. Ibara ya 59B(4) inasema DPP atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote au mamlaka yoyote, na kwamba atazingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ni maneno mazuri. Lakini ibara hiyohiyo inampa Rais kumteua peke yake, bila usaili wa wazi wala Bunge kumthibitisha, na haimwekei idadi ya miaka ya kukaa ofisini. Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu, nayo ilikuwa hatua njema, nakiri. Ila kutenganisha majengo na bajeti hakujibu swali la nani anampigia nani simu usiku.

Na tusidhani siasa huingia kwa kufuta tu. Huingia mapema zaidi, pale hati ya mashtaka inapoandikwa. Mtu anadaiwa kodi. Kosa hilo lina dhamana. Ongeza shtaka la utakatishaji fedha kwa kiasi kilekile cha pesa, na dhamana imekufa kwa kifungu cha 148(5) cha sheria ileile ya mwenendo, ambacho Mahakama ya Rufani ilikibakiza Agosti 2020. Sasa anapelekwa Mahakama ya Kisutu, anasomewa mashtaka, anaambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama haina mamlaka mpaka DPP atoe kibali. Kisha kutajwa kila baada ya wiki mbili, na wimbo ni ule ule: upelelezi haujakamilika. Mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa Julai 2019, kwanza kwa hoja ya uraia. Aliposomewa mashtaka Agosti, uraia haukuwemo. Yalikuwemo genge la uhalifu, kodi na utakatishaji. Alitoka Februari 2020 baada ya makubaliano na kulipa. James Rugemalira wa kampuni ya umeme ya IPTL alikaa mahabusu tangu Juni 2017 hadi alipofutiwa Septemba 2021. Mtu anaweza kuwa na hatia au asiwe nayo, lakini hapo adhabu imeshatangulia hukumu. Marekebisho ya mwaka 2022 yanayotaka upelelezi ukamilike kabla ya mashtaka yamesaidia, ila yameacha nje makosa makubwa, na hayo ndiyo silaha yenyewe.

Septemba 2019 mambo yalifanyika mchana kweupe. Rais Magufuli alisimama akapendekeza washtakiwa wa uhujumu uchumi wanaokiri na kurudisha fedha wasamehewe, akataja na idadi ya siku. Kama wiki moja baadaye, DPP akampelekea taarifa kwamba washtakiwa 467 wamekubali, fedha zaidi ya shilingi bilioni 107. Wapo waliotoka gerezani na nawafurahia. Lakini makubaliano ya kukiri kosa hayana maana kama upande mmoja unaongea akiwa amefungiwa bila dhamana, na ratiba imepangwa na mkuu wa nchi.

Kwa hiyo tuige Kenya? Kwa sehemu. Ibara ya 157 ya Katiba yao ya 2010 inampa DPP miaka 8 isiyorudiwa, inataka Bunge la Taifa limwidhinishe, na inamkataza kufuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Tena akifuta baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa anaachiwa huru moja kwa moja. Kwa kanuni hiyo, kesi ya Mbowe ingeishia kwa kuachiwa huru kabisa.

Lakini Wakenya wenyewe wameona kwamba ruhusa ya mahakama inaweza kuwa muhuri tu. Rigathi Gachagua alishtakiwa Julai 2021 kwa kesi ya ufisadi ya shilingi za Kenya bilioni 7.3, wakati kambi yake ikiwa imekosana na Ikulu. Novemba 2022, akiwa Naibu Rais kwa miezi miwili, mwendesha mashtaka aliomba kuiondoa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na hakimu akaruhusu. Ofisi ileile, DPP yuleyule. Kama ushahidi haukutosha 2022, kwa nini ulitosha 2021? Hakimu anayeletewa ombi ambalo pande zote mbili zinalitaka hana anayempinga mbele yake, na asipolazimishwa kulichimba atalipitisha.

Kwa sababu hiyo nataka zaidi ya neno "ruhusa". DPP alete sababu kwa maandishi, zibaki kwenye jalada ambalo mwananchi anaweza kulisoma. Aseme ni kielelezo gani kimepotea, shahidi gani amegeuka, au ni maslahi gani ya umma. Penye siri ya kweli, mtoa taarifa atakayeuawa kwa mfano, jaji asome faragha na aandike kwamba amesoma. Mlalamikaji apewe nafasi ya kusikilizwa. Aeleze pia kilichobadilika tangu siku alipotia saini kibali cha kushtaki, na kama hakuna kilichobadilika, aliyetia saini ile ya kwanza aitwe ajieleze.

Mamlaka ya kufuta kesi lazima yawepo. Mashahidi hufa, na kuna watu hukamatwa kimakosa. Sijasikia hata sababu moja ya kufanya aliye nayo asieleze kwa nini anayatumia. Kifungu cha 91 hakihitaji Katiba mpya kukirekebisha, kinahitaji mswada wa kurasa mbili na wabunge wa kuusimamia. Kamati ya Bunge ya Katiba na Sheria inaweza kuuanza mkutano ujao.