Uzi wa kioo ndani ya daraja, na nani atausoma

Daraja la Karuma juu ya mto Nile, kaskazini mwa Uganda, la mwaka 1963, lilifungwa kwa malori makubwa Mei 2024, kisha Septemba likafungwa kwa magari yote ili litengenezwe. Malori ya Gulu na Juba yakazungushwa Mbale, Soroti na Lira. Tangu hapo nimesikia hoja moja ikirudiwa: tungetega vihisi vya faiba, tungejua mapema.

Hoja ina mashiko. Faiba hiyo ni ndugu ya ile inayotuletea intaneti, uzi wa kioo wa maikromita 125, mwembamba kama unywele. Kwa mwanga wa urujuanimno, kipande cha uzi huchorwa mistari inayorudisha rangi moja tu ya mwanga. Uzi ukibandikwa kwenye chuma au ukizikwa ndani ya zege, zege likivutika mistari huachana na rangi inayorudi huhama. Mita moja ya zege ikirefuka kwa sehemu moja ya elfu ya milimita, chombo kizuri kinaona. Uzi mmoja hubeba makumi ya vihisi, haushiki kutu, na wala hauhitaji umeme kule ndani. Radi haiuchanganyi, na hapa kwetu radi si ya kutafuta. Mitambo ya umeme nayo haiuchanganyi, ndiyo maana faiba ingefaa hata kwenye mabwawa ya umeme.

Lakini uzi huo husikia joto kama unavyosikia mzigo. (Kiswahili chenyewe kimetutega: nyuzi za kioo zinapima nyuzi za joto.) Joto likipanda kwa nyuzi 1, rangi huhama kana kwamba zege limevutika mara nane ya kipimo kile kidogo nilichotaja. Na zege lenyewe hurefuka kwa jua. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina mita 525. Likipata joto la nyuzi 10 zaidi, hutaka kurefuka kama sentimita 5. Asiyeweka uzi wa pili, usiobeba mzigo, wa kupima joto peke yake, atapiga kengele kila adhuhuri.

Tena kihisi huona pale kilipo tu. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yalikata barabara ya Kampala kwenda Masaka kwa kula udongo. Faiba iliyobandikwa chini ya sakafu ya daraja ingeweza kusema kila kitu ni salama huku tuta likienda na maji. Na uchakavu wa Karuma haukusubiri uzi wa kioo ndipo uonekane. Macho ya wakaguzi yalitosha. Kilichokawia ni matengenezo, na hakuna kihisi cha kupima hicho.

Hata hivyo siungani na wanaosema hii ni anasa. Uzi wenyewe si ghali. Ghali ni kisanduku kinachousoma, ambacho bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola, na mtu wa kukaa nacho mkandarasi akishaondoka. Hapo ndipo ningebana mkataba: takwimu ziwe zetu, nywila iwe yetu, na fedha za kukiendesha kisanduku hata mwaka wa sita ziandikwe kabla ya uzi kufungwa.

Nilipokuwa nikivuka kwa miguu juu ya bwawa la umeme la Nalubaale pale Jinja, la mwaka 1954, lori la kontena likipita lami ilitetemeka chini ya kandambili zangu. Nyufa za jengo lake la mitambo zinajulikana miaka mingi, na ufa unaojulikana ndio mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa uzi utajibu swali moja: unapanuka au umetulia? Kazi ya kwanza ningewapa wanafunzi wa uhandisi wa Makerere. Wasome joto la zege mwaka mzima, masika na kiangazi, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kutamka neno hatari.