Malengelenge ya mdomoni hushuka chini, lakini si kwa kila mtu

Je, ngono ya mdomo inaambukiza malengelenge ya sehemu za siri? Ndiyo, inaambukiza. Ila jibu hilo likiachwa hapo linatisha wasiohusika na kuwaacha gizani wenye hatari ya kweli.

Virusi vya malengelenge (herpes) viko vya aina mbili. Aina ya kwanza, HSV-1, hupenda mdomo. Ndiyo vile vilengelenge vinavyochomoza pembezoni mwa mdomo mtu akitoka kuugua homa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa navyo, yaani 64 katika kila 100. Huku kwetu Afrika wengi huvipata wakiwa watoto, kwa mate ya ndugu na walezi, na hawakumbuki hata siku moja ya kuumwa. Aina ya pili, HSV-2, huenea zaidi kwa kujamiiana na hukaa sehemu za siri.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: aliyekwisha kupata HSV-1 utotoni ana kinga kubwa dhidi ya kuipata tena aina hiyohiyo chini. Kwa hiyo mtu mzima wa Temeke au Kinondoni anayenyonywa na mwenzi mwenye historia ya vidonda vya mdomo mara nyingi yuko salama kuliko anavyodhani. Asiyewahi kuambukizwa ndiye aliye wazi. Marekani na Ulaya, ambako vijana wengi hufika utu uzima bila virusi hivyo, HSV-1 imekuwa chanzo kikubwa cha malengelenge mapya ya sehemu za siri. Kinga hiyo, hata hivyo, haizuii HSV-2.

Wakati una uzito wake pia. Hatari huwa kubwa kuanzia pale mdomo unapoanza kuwasha na kuchonyota, kabla hata kilengelenge hakijaonekana, hadi gaga lianguke lenyewe na ngozi ya chini iwe kavu na nzima. Kwa kawaida ni siku 7 hadi 10. Siku hizo hakuna kuzama chumvini, hakuna kunyonya, hakuna busu. Kupaka lipustiki au dawa ya meno juu ya kidonda hakuzuii chochote. Virusi hutoka kwenye mate hata siku ambazo mdomo ni msafi, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Na si kila kidonda ni hiki: nyufa za kwenye pembe za midomo na vidonda vyeupe vya ndani ya shavu kwa kawaida ni mambo mengine.

Kondomu hupunguza hatari. Kwa mwanamke, chukua kondomu isiyo na mafuta ya kuua mbegu, ikunjue, kata ncha, kata pete, kisha ipasue kwa urefu upate kipande bapa cha kufunika. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando, kwani hulainisha mpira mpaka ukachanika. Tumia kilainishi cha maji.

Dalili zikitokea, mara nyingi huanza siku 2 hadi 12 baada ya tendo: maumivu, vilengelenge vilivyojikusanya, mkojo unaounguza, pengine homa na mitoki. Hapo ndipo wengi hukimbilia duka la dawa, wakaambiwa ni UTI au fangasi na kuuziwa krimu yenye steroidi. Hilo linanikera sana, kwa sababu steroidi huweza kuzidisha ugonjwa. Nenda kituo cha afya kidonda kikiwa kibichi, upimwe kaswende na VVU palepale. Aciclovir miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku 3 za mwanzo. Hupunguza makali, haiviondoi virusi mwilini. Kipimo cha damu hakisemi virusi viko mdomoni au chini, na katika wiki za mwanzo kinaweza kusoma hasi.

Tena, kidonda hicho si ushahidi wa usaliti. Virusi hukaa kimya miaka mingi, na mwenzi aliyevipata chekechea anaweza kukupa leo bila kuwahi kutoka nje. Wanandoa wasifukuzane kabla ya kulielewa hilo.

Penye hatari kubwa kuliko pote ni ujauzito wa miezi mitatu ya mwisho. Mama akiambukizwa sehemu za siri kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuvipata wakati wa kuzaliwa na kudhurika ubongo au kufa. Baba mwenye historia ya vidonda vya mdomo na asimnyonye mkewe kabisa katika miezi hiyo, hata kama mdomo unaonekana mzima. Na mama mwenye malengelenge amweleze mkunga tangu kliniki, kisha amkumbushe tena uchungu ukianza, kwa sababu kidonda kikiwepo siku hiyo huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji.